Chuo cha kijani kianzie kwenye mita ya maji, si kwenye paa

SWALI: "Nafanya kazi katika idara ya miliki ya chuo kikuu kimoja hapa kanda ya kati. Tuna wanafunzi wapatao 4,000, na 1,600 kati yao wanalala katika mabweni ya chuo. Maji tunayapata kwenye visima vyetu viwili virefu, umeme ni wa TANESCO, na tuna jenereta moja ya dharura. Jikoni bado tunatumia kuni kwa maharage, makande na ugali, na gesi ya mitungi kwa chai na wali. Mwezi uliopita uongozi ulinikabidhi jukumu la kukifanya chuo kiwe 'chuo cha kijani' na kunitengea shilingi milioni 60 kwa mwaka huu wa fedha. Kila mtu ana ushauri wake. Wahadhiri wa uhandisi wanataka sola juu ya paa la jengo la utawala, serikali ya wanafunzi inataka tupande miti 10,000, na mzabuni mmoja ameleta mchoro wa mtambo wa biogesi utakaotumia majitaka ya mabweni yote ili tuachane kabisa na kuni. Mimi nimesomea ujenzi, si mazingira. Naogopa kumaliza fedha zote kwenye kitu cha kupigia picha, ambacho baada ya miaka miwili kitakuwa kimekufa. Nianze na kipi?"

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza swali moja, lakini ndani yake mna mawili. La kwanza ni la kiufundi: kati ya sola, miti na biogesi, ni kipi kinachopunguza madhara zaidi kwa kila shilingi? La pili ni la mtumishi anayejua jinsi ofisi zinavyoendeshwa: nifanye nini ambacho hakitakufa siku nikihamishwa? Bahati nzuri majibu yake yanaelekea upande mmoja, ingawa si ule ambao washauri wako wote watatu wanautazama. Kwa maelezo uliyonipa, mimi ningeanza na maji yanayovuja, nikaingia jikoni, nikapita kwenye viyoyozi, na paneli za sola ningezipa nafasi ya nne. Nitaeleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa najua utahitaji kuzirudia mbele ya watu waliokuzidi cheo.

Kuna dhana moja inayopaswa kurekebishwa kabla ya yote. Maandishi mengi kuhusu vyuo vya kijani yametungwa kwa ajili ya nchi ambazo umeme unatokana na makaa ya mawe na ambazo majengo hupashwa joto miezi mingi ya mwaka. Huko, ukipunguza umeme na joto umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Kwetu hali ni nyingine. Umeme wa gridi ya Tanzania unatokana hasa na maji na gesi asilia, na tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji uwashwe mwaka 2024, katika mradi uliosanifiwa kufikia megawati 2,115, fungu la maji limezidi kukua. Kwa hiyo yuniti moja unayoizalisha kwa jua hapa inaokoa hewa ukaa kidogo kuliko yuniti hiyohiyo ingeokoa Afrika Kusini, ambako umeme mwingi ni wa makaa ya mawe. Hilo haliifanyi sola kuwa ubatili, maana bado inapunguza ankara, na ankara si jambo dogo. Ila mzigo mzito wa chuo kama chenu kwa mazingira uko kwingine: kwenye kuni, dizeli, gesi iliyomo ndani ya viyoyozi, na maji mnayoyavuta ardhini.

Tuanze na maji, kwa sababu ndiko kuliko na fedha iliyolala. Kanda ya kati ni kavu, na maji ya ardhini hayajazwi kila mwaka kama watu wengi wanavyodhani. Katika bonde la Makutupora, linalolisha jiji la Dodoma, vipimo vya kina cha maji vimewekwa tangu miaka ya 1950, na vinaonyesha kwamba kisima hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, huku kati ya msimu mmoja wa namna hiyo na mwingine miaka ikipita maji yakishuka tu. Lita inayovuja leo kwenye choo cha bweni huenda iliingia ardhini katika mvua ambayo haitarudi karibuni.

Tena maji ya kisima ni umeme uliobadilika sura. Kuinua mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, kutoka kina cha mita 100 kunahitaji kinadharia yuniti 0.27 za umeme, na kwa kuwa pampu na mota yake hupoteza karibu nusu ya nguvu, utalipia kama yuniti 0.55. Tuseme mabweni yenu yote kwa pamoja yanavujisha mita moja na nusu ya ujazo kwa saa, kiwango ambacho kwa mabweni ya wanafunzi 1,600 hakiwezi kumshangaza fundi bomba yeyote. Kwa siku ni mita 36 za ujazo, na umeme wa kuzivuta ni kama yuniti 20. Sasa linganisha na sola. Kwa milioni 60, ukibahatika kupata mzabuni mwaminifu, utapata paneli zenye uwezo wa kilowati 20 hivi, ambazo kwa jua la kanda yenu zitatoa yuniti 90 kwa siku au pungufu kidogo. Kuziba uvujaji huo peke yake ni sawa na zaidi ya moja ya tano ya mradi wote wa sola, kwa gharama ya raba za matangi ya vyoo, valvu kadhaa na posho ya mafundi, na maji yenyewe yamebaki kisimani.

Utajuaje kama yanavuja? Nenda usiku. Chagua siku ya katikati ya juma wakati mabweni yamejaa, chukua tochi na daftari, na usome mita ya bomba kuu linalotoka kwenye tangi mnamo saa saba usiku, kisha usome tena saa kumi alfajiri. Katika saa hizo hata wanaokesha na mitihani ni wachache, kwa hiyo karibu maji yote yanayopita hayamhudumii mtu. Mita nyingi zina kijigurudumu au pembetatu ndogo nyekundu inayozunguka hata kwa mtiririko mdogo sana. Katika chuo kimoja nilichokikagua tulisimama kwenye chemba ya mita, mimi, mlinzi na fundi bomba ambaye alikuwa ameapa kwamba hakuna hata tone linalopotea. Alipoiona ile pembetatu ikikimbia kama saa iliyoharibika, hakusema neno. Alitembea bweni hadi bweni akifunga valvu moja baada ya nyingine huku mimi nikimulika mita, na alipofunga ile ya bweni la nne, pembetatu ilisimama. Asubuhi tulikuta vyoo kumi na kitu vikitiririsha maji kimyakimya kutoka kwenye tangi hadi kwenye sinki, bila kulowesha sakafu wala kumkera mtu.

Vyoo vya aina hiyo ndivyo wezi wakubwa, kwa sababu havionekani. Kimoja kinaweza kupoteza lita mia kadhaa kwa siku. Namna ya kuvibaini ni kutia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, kusubiri dakika 15 bila mtu kuvuta maji, kisha kuangalia kama rangi imeshuka kwenye sinki. Chagua nyekundu au bluu, maana ya njano chooni haimwambii mtu kitu. Wape wanafunzi kazi hii. Klabu ya mazingira inaweza kupima vyoo vyote vya mabweni katika Jumamosi moja, na watajifunza mengi kuliko kwenye semina.

Kama hamna mita kwenye kila bweni, hapo ndipo pa kuweka sehemu ya kwanza ya milioni zako 60. Mita ndogo ya maji na ya umeme kwa kila jengo kubwa haipigwi picha na wala haizinduliwi, lakini bila hiyo kila mjadala mtakaoufanya baadaye utakuwa wa kubahatisha. Chuo kinacholipa ankara moja kwa majengo thelathini hakina namna ya kumwuliza mkuu wa jengo lolote swali lolote.

Sasa jikoni. Hapa unabanwa na sheria, dhamiri na hesabu kwa wakati mmoja. Serikali ilielekeza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwisho wa kipindi hicho. Chuo chenu kimechelewa, na usingoje barua ya kuwakumbusha. Ila usikimbilie kununua majiko kabla ya kuelewa kwa nini kuni zinaisha haraka hivyo.

Moto wa mafiga hupeleka kwenye chakula takribani asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni. Sehemu iliyobaki huenda kwenye upepo, kwenye kuta, kwenye moshi ambao kimsingi ni kuni ambazo hazikuungua, na kwenye macho na mapafu ya wapishi wenu. Ongeza sufuria isiyo na kifuniko, inayopeperusha mvuke saa tatu mfululizo, na maharage yaliyotiwa motoni yakiwa makavu kama yalivyotoka kwenye gunia. Kuloweka maharage usiku kucha kunaweza kupunguza muda wa kuiva kwa karibu nusu, na kifuniko kizito hugharimu kidogo kuliko mtungi mmoja wa gesi. Mambo haya mawili yafanyike juma hili, kwa nishati yoyote mnayotumia sasa, kwa sababu yatapunguza pia ukubwa wa mfumo mpya mtakaoununua. Wengi hukosea hapa: hununua mfumo wa kukidhi matumizi mabaya ya zamani, kisha hulalamika kwamba nishati safi ni ghali.

Kuhusu mfumo wenyewe, mna njia kadhaa za kweli. Gesi ya mitungi mmeshaizoea. Mkifunga tangi kubwa la nje badala ya mitungi mingi midogo, bei kwa kilo huwa nafuu na hatari ya kubadilisha mitungi jikoni hupungua. Gesi hii ni ya visukuku, yaani ya jamii ya mafuta yanayochimbwa ardhini, tusijidanganye, lakini ikilinganishwa na kuni zinazokatwa kwenye misitu isiyopandwa upya, madhara yake ni madogo sana. Vyuo vilivyo karibu na bomba la gesi asilia Dar es Salaam, Lindi au Mtwara vina nafasi ambayo ninyi hamna. Njia ya pili ni majungu makubwa ya umeme ya kupikia kwa mvuke wa shinikizo, ambayo kwa maharage na makande hayana mpinzani, kwa kuwa yamefungwa pande zote na yana kizuizi cha joto. Tatizo lake ni kwamba yanavuta umeme mwingi kwa mkupuo, jambo nitakalolirudia nikizungumzia ankara.

Kuna pia kinachoitwa mkaa mbadala. Kabla ya kuununua uliza umetengenezwa kwa nini. Ule wa pumba za mpunga, mabaki ya miwa au vumbi la mbao ni kitu kimoja, na ule wa makaa ya mawe ni kitu kingine kabisa. Huu wa pili unaokoa miti, ni kweli, lakini chuo kinachojiita cha kijani kikipika kwa makaa ya mawe kitakuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Chochote mtakachochagua, mpishi mkuu awepo tangu siku ya kwanza. Niliwahi kutembelea jiko la taasisi moja lililofungiwa majiko mapya ya gesi yanayong'aa, nikayakuta yamewekewa ndoo za viazi, huku nyuma ya ukuta moto wa kuni ukiwaka kama kawaida. Niliuliza kwa nini. Mpishi mmoja, mama wa makamo, alinichukua mkono akaniweka mbele ya jiko jipya na kunipa mwiko mrefu kama kasia. "Songa," aliniambia. Sufuria ya ugali wa watu 300 ilikuwa juu ya fremu nyembamba iliyoundwa kwa ajili ya kuchemshia supu, na nilipokandamiza mwiko mara moja tu, jiko zima liliyumba. Aliyesanifu lile jiko hakuwahi kusonga ugali. Dai fremu iliyofungwa kwenye sakafu, dai sufuria zinazolingana na jiko, na dai majaribio ya juma zima kabla ya kulipa malipo ya mwisho.

Sasa tuuangalie mchoro wa biogesi, kwa kuwa ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Wazo lenyewe si uongo. Magereza ya Rwanda yamekuwa yakipika kwa biogesi ya vyoo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa mitambo iliyojengwa na wataalamu wa chuo cha teknolojia cha Kigali, na matumizi ya kuni yalipungua kwa takribani nusu. Zingatia maneno hayo: yalipungua, hayakwisha. Zingatia pia kwamba wafungwa hawaendi likizo. Biogesi hutengenezwa na vijidudu vilivyo hai ndani ya shimo lisiloingiza hewa, na vijidudu hivyo hula kila siku. Chuo kikifunga kwa miezi mitatu, vinakosa chakula na gesi inakatika, na muhula ukianza mnangoja majuma kadhaa mpaka gesi irudi, wakati wanafunzi wanataka chakula siku hiyohiyo.

Tatizo la pili ni maji. Vyoo vya kuvuta humwaga lita sita hadi tisa kila mara. Wanafunzi 1,600, tukikadiria lita 30 tu kwa kila mmoja kwa siku kutoka vyooni, watapeleka kwenye mtambo mita 48 za ujazo kila siku. Kinyesi kinahitaji kukaa humo kama siku 30 ili kimeng'enywe vizuri, kwa hiyo shimo linapaswa kuwa na mita za ujazo 1,440, ambalo ni zaidi ya nusu ya bwawa la kuogelea la Olimpiki, na karibu lote litakuwa maji matupu. Mwulize mzabuni ukubwa wa shimo lake. Kama ni mita 100 au 200, basi anategemea majitaka yapite bila kumeng'enywa, na gesi aliyoiandika kwenye mchoro haitapatikana.

Biogesi inayoweza kuwafaa ni ndogo na ya kiasi: mabaki ya chakula na maganda ya jikoni. Kilo 150 za mabaki kwa siku zinaweza kutoa mita za ujazo kama 15 za gesi, ambazo joto lake ni sawa na kilo 6 au 7 za gesi ya mitungi. Itachemsha chai ya asubuhi, lakini haitapika maharage ya watu 1,600. Ukiujenga kwa ukubwa huo na kwa matarajio hayo, utakuwa mtambo mzuri, hasa kama mna idara ya kilimo inayoweza kuutunza na kutumia tope lake shambani. Majitaka ya mabweni yabaki kwenye njia yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimetumia mabwawa ya majitaka kwa miaka mingi, na watafiti wake wamejaribu kuyasafisha zaidi kwa kuyapitisha kwenye vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete. Teknolojia hiyo haihitaji umeme na inafaa sana kwenu, maana maji yanayotoka, yakishapimwa, yanaweza kumwagilia miti na nyasi badala ya maji ya kisima.

Kwenye viyoyozi nitasema jambo moja ambalo ripoti nyingi huliruka. Watu huhesabu umeme wa kiyoyozi na kusahau gesi iliyomo ndani yake. Kilo moja ya gesi aina ya R-22, ambayo bado imo kwenye viyoyozi vingi vya zamani, ikivujia hewani huongeza joto la dunia sawasawa na takribani kilo 1,800 za hewa ukaa, yaani sawa na kuchoma lita zaidi ya 600 za dizeli. Gesi ya R-410A iliyokuja baadaye haina nafuu katika hilo, hata kama haiumizi tabaka la ozoni, na ndiyo sababu nchi zilikutana Kigali mwaka 2016 na kukubaliana kuzipunguza gesi za jamii yake. Kwa hiyo fundi anayekuja kila mwaka "kuongeza gesi" anakuuzia hasara mara mbili. Kiyoyozi kizima hakihitaji kuongezwa gesi. Kikihitaji, kinavuja, na kinapaswa kuzibwa kwanza. Andika sharti hilo kwenye mkataba wa matengenezo, pamoja na daftari linaloonyesha kilo zilizotiwa kwenye kila mashine, na utashangaa jinsi matumizi ya gesi yatakavyoshuka.

Kisha punguza haja yenyewe ya ubaridi. Paa la bati lisilo na kizuizi cha joto juu ya dari hugeuza ofisi kuwa tanuri kuanzia saa sita mchana. Rangi nyeupe juu ya bati, dari yenye kizuizi, na kivuli upande wa magharibi vitafanya kazi ambayo kiyoyozi kingeilipia kila mwezi.

Hapo ndipo miti ya wanafunzi inapopata maana. Miti 10,000 kwa siku moja, katika kanda yenye miezi saba ya kiangazi, ni miche 10,000 inayosubiri kufa. Ipande mia tatu, mwanzoni kabisa mwa mvua za Desemba, mwarobaini na mingine inayovumilia ukame, upande wa magharibi wa kumbi za mihadhara, na kila darasa lipewe miti yake ya kumwagilia. Lakini usiiandike kwenye ripoti kama fidia ya jenereta. Mti mkubwa unaostawi hufyonza makadirio ya kilo 20 za hewa ukaa kwa mwaka mzima. Jenereta ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha nguvu ya umeme) iliyobeba nusu ya uwezo wake hunywa kama lita 12 kwa saa, na kila lita ya dizeli hutoa kilo 2.7. Mti umefanya kazi mwaka mzima, na jenereta imeimaliza kazi yake kwa dakika 40.

Taa nitazipitia haraka kwa kuwa jibu lake halina ubishi. Badilisheni mirija ya zamani ya taa (tyubu) kwa taa za LED kadiri inavyoungua, msiitupe ikiwa nzima. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki zimekwisha kukubaliana kwamba utengenezaji na biashara ya mirija hiyo vikome ifikapo mwisho wa 2027. Mirija ina zebaki, kwa hiyo isivunjwe jalalani.

Nimesema sola iko nafasi ya nne, na sasa niitendee haki. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kilifunga paneli za kilowati 600 kwenye mapaa yake mwaka 2014, na ni mfano mzuri kwa sababu matumizi yake makubwa ni ya mchana na uliandamana na mpango wa kuuza ziada kwenye gridi. Kwenu, angalia ankara ya TANESCO kwa makini kabla ya kuiga. Mteja mkubwa halipii yuniti tu. Hulipia pia kilele cha matumizi cha mwezi kinachopimwa kwa kVA, na kilele hicho kinaweza kuwekwa na kipindi kifupi kimoja tu ambacho viyoyozi, pampu na jiko vilikuwa vinafanya kazi pamoja. Kama kilele chenu hutokea saa moja jioni, wakati mabweni yote yanawasha pasi na hita za maji (najua zimekatazwa, na wewe unajua zimo), paneli hazitakishusha hata kidogo. Kuhamisha saa za pampu kutakishusha, bila kununua chochote. Na mkija kufunga sola, iendeshe kwanza pampu za visima, kwa kuwa pampu hufanya kazi mchana, na tangi la maji ni betri isiyochakaa.

Kuhusu hofu yako ya mradi kufa, dawa ninayoijua ni ya kihasibu. Mwombe mkurugenzi wa fedha, kwa maandishi, kwamba sehemu ya fedha itakayookolewa kwenye ankara irudi kwenye kifungu chako cha mwaka unaofuata. Kama akiba yote inamezwa na mfuko mkuu, mwaka wa pili hutakuwa na hata fedha ya kununua raba ya choo, na hakuna mtu atakayekuwa na sababu ya kukutetea.

Yapo mambo ambayo usiyaamue kwa jibu langu wala la mtu mwingine aliye mbali. Kabla ya kuweka chochote juu ya paa la jengo la zamani, mwite mhandisi wa majengo apime uwezo wake, na kama paa ni la vigae vya saruji ya asbesto, mtu asilitoboe wala kulikata; pateni kwanza ushauri wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) na NEMC (baraza la taifa la mazingira). Tangi la gesi na mabomba yake yafungwe na mafundi wenye leseni na yakaguliwe kabla ya kuwashwa. Kazi yoyote kwenye majitaka ianze kwa kuuliza NEMC kama inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, na maji yaliyosafishwa yapimwe maabara kabla ya kumwagiliwa popote, yasiguse kamwe bustani ya mchicha. Na kama kina cha visima vyenu kimeshuka katika miaka ya karibuni, mtaalamu wa maji ya ardhini aje mwenyewe na vifaa vyake.

Hayo yanaweza kusubiri miezi miwili. Lisilopaswa kusubiri ni kipimo cha usiku: kifanye sasa mabweni yakiwa yamejaa, kisha ukirudie wanafunzi wakishaondoka likizo. Kama bweni lililofungwa kwa kufuli bado linakunywa maji saa tisa usiku, hapo huhitaji mtaalamu wa mazingira, unahitaji fundi bomba na ngazi.